Jinsi ya kuzalisha njiwa wa rangi adimu nyumbani Mombasa

Njiwa manga wengi unaowaona juu ya mapaa ya Kibokoni au Majengo ni wa kijivu, wana mistari miwili myeusi mbawani. Hiyo ndiyo rangi ya asili ya njiwa wa majabalini. Anayetaka manjano, weusi wa kutandaa au lozi hununua jozi kwa bei ya kuuma, akangoja mayai, akangoja makinda, mwisho wakatoka wa kijivu sawa na wa jirani. Lawama zote humwangukia muuzaji. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Rangi iliyo kwenye manyoya si yote aliyonayo ndege, na anayeficha zaidi ni dume.

Hesabu nitakayoeleza ndiyo hiyo hiyo wanayotumia wafugaji wa ng'ambo wanaozalisha chatu wa rangi za ajabu, na najua vijana wengi hapa mjini wanawatazama chatu hao kwenye simu na kuwatamani. Huku kwetu nyoka ni mnyamapori: kumfuga kunataka leseni ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), na bila leseni ni kesi. Njiwa anatosha kujifunzia, wala hatakupeleka kituoni.

Hatua ya 1: Banda lenye vyumba

Mgongo wa banda uupe kusini. Kusi likishika na masika yakaanguka, mvua huja ya ubavu ikaingia ndani, na matandiko yakishalowa ndipo magonjwa yanapoanza. Upande wa mbele weka wavu wa matundu madogo ambao kurabu, yule kunguru wa mjini, hawezi kupenyeza mdomo. Paka wa Mji wa Kale wana sifa mbaya, lakini kurabu ndiye mwizi hasa wa mayai na makinda, na hufanya kazi mchana kweupe. Panya huja usiku, kwa hivyo inua banda na miguu yake uivike bati.

Mfugaji wa kawaida huweka njiwa wote pamoja wakaoana watakavyo. Wewe unayezalisha rangi huwezi. Njiwa husifiwa kwa uaminifu, lakini dume wa pembeni akipata nafasi hapiti hivi hivi, na yai moja la baba mwingine linatosha kuharibu hesabu ya mwaka mzima. Kila jozi iwe na chumba chake cha kufungwa, upana wa sentimita 70 au 80, kina na kimo 40 hivi. Jike aliyekuwa na dume mwingine mtenge wiki mbili kwanza, maana mbegu za dume wa awali hubaki hai mwilini mwake kwa siku kadhaa.

Hatua ya 2: Soma ndege mkononi

Kabla ya jeni, yaani chembe za urithi, jicho. Mshike njiwa, mfungue bawa, uutandaze mkia, na umtazame kwenye mwanga wa nje, si chini ya taa.

Rangi za msingi ni tatu tu: wekundu wa jivu, kijivu, na kahawia. Wekundu wa jivu unaitawala kijivu, kijivu inaitawala kahawia: zikikutana kwa ndege mmoja, inayotawala ndiyo inayoonekana. Mengine yote unayoyaona ni nyongeza juu ya hizi tatu, au kitu kinachozifunika.

Juu ya rangi kuna mchoro wa bawa. Kuna mchoro wa madoadoa, wa mistari miwili, na kuna bawa tupu lisilo na mstari wowote. Madoadoa yanatawala mistari, mistari inatawala utupu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionyesha kwamba mchoro wa madoadoa uliingia kwa njiwa wa kufugwa kutoka kwa njiwa mwitu wa Afrika, yule mwenye matone meupe mbawani na ngozi nyekundu kuzunguka jicho. Anaonekana Nairobi na sehemu nyingi za bara. Kwa hiyo njiwa wako wa madoadoa, hata kama alikuja kwa meli kutoka Uarabuni, ana damu ya hapa barani. Watafiti hao hao waliihusisha jeni ya bawa tupu na udhaifu wa macho, kwa hiyo mimi bawa tupu silitafuti. Anayelitaka asimtoe njiwa huyo kuruka mbali.

Kuna jeni ya kutandaa. Inaichukua ile rangi ya mistari na kuieneza mwili mzima, mchoro ukapotea. Njiwa mweusi tii ni njiwa wa kijivu mwenye jeni hii, basi. Inatawala, kwa hiyo mzazi mmoja mweusi anatosha kuleta makinda weusi, walau nusu yao.

Halafu kuna kuchujuka. Jeni hii hupunguza rangi: wekundu wa jivu hugeuka manjano, kijivu hugeuka fedha, weusi hugeuka rangi ya udongo mkavu. Hawa ndio wanaopiganiwa sokoni. Wanatambulika siku ile ile wanapoanguliwa, na si lazima uwe mtaalamu. Makinda wawili wakiwa wamelala pamoja kwenye kiota, wa kawaida ana malaika (manyoya laini ya kinda) ya manjano, marefu, yametapakaa mgongoni na kichwani. Aliyechujuka yuko karibu uchi, ngozi ya waridi inaonekana yote, malaika yake ni mafupi mno. Ukiona hivyo usidhani ni mgonjwa.

La mwisho ndilo linalowachanganya watu wengi zaidi: kuna wekundu wa aina mbili. Wekundu wa jivu una mkia na manyoya marefu ya bawa ya rangi ya majivu, meupe-meupe. Wekundu wa pili umekolea mpaka ncha ya mkia na mpaka manyoya ya kurukia. Huu wa pili nitauita wekundu mzima. Tabia zao za kurithi ni tofauti kabisa, na ukiwachanganya hapa hatua zote zinazofuata zitakudanganya.

Akikuletea mtu njiwa wa waridi au kijani kibichi, huyo amechovywa rangi ya chakula. Manyoya yakipukutika na rangi inaondoka nayo.

Hatua ya 3: Elewa kwa nini jike hana siri

Jeni hukaa kwenye nyuzi ziitwazo kromosomu. Njiwa dume ana kromosomu mbili za Z. Jike ana Z moja na W moja, yaani kinyume cha binadamu, ambao mwenye mbili tofauti ni mwanamume. Jeni ya rangi ya msingi imekaa kwenye Z, na jeni ya kuchujuka pia. W haina rangi hizo.

Dume basi hubeba nakala mbili: moja huonekana, nyingine huweza kulala chini yake bila wewe kujua. Jike ana nakala moja, na hiyo hiyo ndiyo unayoiona. Jike wa kijivu hana wekundu wa jivu uliofichika wala kuchujuka kulikofichika. Haiwezekani.

Na kinda jike hupata Z yake kwa baba. Kwa mama hupata W. Maana yake, rangi ya msingi ya binti hutoka kwa baba peke yake. Mama huwapa Z yake watoto wa kiume tu.

Shika hapo, kisha tazama jozi hizi.

Jike wekundu wa jivu kwa dume wa kijivu. Madume wote watatoka wekundu, maana wamepewa Z ya mama inayotawala. Majike wote watatoka wa kijivu, maana wamepewa Z ya baba. Manyoya yakianza kuchipua, kwenye siku ya 8 hadi ya 10, unajua jinsia ya kila kinda bila kungoja akue. Kwa mtu anayeanza, hii ndiyo jozi ya kwanza ninayoshauri. Inakufundisha hesabu kwa macho, tena inakukagulia banda: akitoka jike mwekundu hapo, dume mwingine alipita.

Dume mwekundu wa jivu kwa jike wa kijivu. Hapa inategemea dume. Kama nakala zake zote mbili ni nyekundu, makinda wote ni wekundu. Kama amebeba kijivu, nusu kwa nusu. Utamjuaje? Tandaza mkia wake na bawa lake mbele ya karatasi nyeupe. Dume mwekundu aliyebeba kijivu mara nyingi huwa na vitone vyeusi kwenye manyoya marefu, kana kwamba mtu ametikisa kalamu ya wino juu yake, na vitone huzidi kadiri umri unavyokwenda. Jike mwekundu huvikosa, kwa sababu hana nakala ya pili. Wanunuzi wasiojua huviona vitone ni uchafu, wakamwacha dume huyo kwa bei ya chini. Wewe mchukue.

Hatua ya 4: Toa manjano kutoka kwa jike mmoja

Hii ndiyo hali ya wengi: umepata jike mmoja tu wa manjano, dume wa aina hiyo hapatikani au bei yake haishikiki.

Muoanishe na dume wa kawaida mwenye wekundu wa jivu, mzuri wa umbo, asiyebeba kuchujuka. Makinda wote watatoka wa kawaida, hakuna hata mmoja wa manjano. Hapa ndipo watu wanapokata tamaa na kuuza makinda wote. Usiuze. Madume katika makinda hao wote wamebeba kuchujuka, kila mmoja, bila kuonekana. Majike hawakubeba kitu, maana Z yao ni ya baba. Majike uza au wape rafiki, madume weka.

Dume akifika miezi 6 au zaidi, mrudishe kwa jike aliyechujuka. Kama una jike mwingine wa rangi hiyo asiye wa ukoo, ni bora. Kama huna, mama yake anafaa kwa mara hii moja. Katika jozi hii nusu ya majike na nusu ya madume watatoka wamechujuka, na hapo umepata dume wako wa manjano wa kwanza. Baada ya hapo tafuta damu mpya. Kuoanisha ndugu kwa ndugu kizazi baada ya kizazi kunaleta mayai yasiyoangua na makinda dhaifu, na hakuna rangi inayofidia hilo.

Ukimwoanisha dume aliyechujuka na jike wa kawaida, mabinti wote watatoka wamechujuka na wana wote wa kawaida wenye kubeba. Tena unajua jinsia tangu siku ya kuanguliwa, kwa kutazama malaika tu.

Nusu ninayosema ni ya wingi, si ya kila kiota. Njiwa hutaga mawili, na mawili yanaweza kutoka yote wa kawaida mara tatu mfululizo bila ya hesabu kukosea.

Hatua ya 5: Jozi, mayai, makinda

Weka dume kwanza kwenye chumba, siku mbili tatu akizoee. Kisha mlete jike, wakitenganishwa na wavu ikiwa dume ni mkali. Wakianza kulishana mdomo kwa mdomo, ondoa wavu. Wape njukuti za mnazi zilizokatwa kiasi cha shubiri moja na kibakuli cha udongo. Dume ataleta moja moja, jike atapanga.

Yai la kwanza huja siku 10 hivi baadaye, mara nyingi jioni. La pili hufuata baada ya siku mbili pungufu kidogo, mchana. Huatamia kwa zamu: dume hushika kuanzia asubuhi iliyopanda hadi alasiri, jike muda uliobaki na usiku kucha. Siku ya 5 au 6 pima mayai kwa tochi ya simu ndani ya giza. Ukiona mishipa myekundu imetawanyika, yai lina uhai. Huangua siku ya 17 au 18 tangu yai la pili.

Siku za mwanzo wazazi wote wawili hulisha maziwa yanayotoka kwenye mfuko wa chakula shingoni mwao. Usiingilie, na chakula cha wazazi kiwe kizuri: mtama, mahindi yaliyovunjwa, kunde na pojo. Marikiti na Kongowea utavipata vyote, ila nusa kabla ya kununua. Joto na unyevu wa huku hupandisha ukungu kwenye nafaka haraka, na mahindi yenye ukungu yanaua. Nunua ya wiki mbili, si gunia. Changarawe, maganda ya chaza yaliyopondwa na chumvi kidogo viwepo kila wakati. Maji badilisha asubuhi na alasiri.

Hatua ya 6: Pete na daftari

Bila hatua hii zilizotangulia ni kazi bure.

Pete huvishwa kwenye siku ya 7. Mguu ukiwa mdogo zaidi inaanguka, ukichelewa haiingii. Kusanya vidole vitatu vya mbele pamoja, pitisha pete juu yake, ivute juu ya kidole cha nyuma kilicholazwa sambamba na mguu, halafu kitoe kidole hicho chini ya pete. Kwa njiwa wa kadiri ya njiwa wa mbio, pete ya milimita 8 inatosha.

Daftari langu lina mistari mitano kwa kila kinda: namba ya pete, baba, mama, tarehe ya kuanguliwa, na rangi. Rangi naiandika mara mbili. Mara ya kwanza kwa penseli, manyoya ya kwanza yakikamilika. Mara ya pili kwa kalamu, baada ya manyoya ya utotoni kupukutika, maana hayo hayana mng'ao na hudanganya. Chini yake huacha nafasi ya maneno mawili: "amebeba" na "huenda". La kwanza ni kwa yale yanayothibitishwa na wazazi wake. La pili ni la kubahatisha, na mtu mkweli hutenganisha.

Hatua ya 7: Mjaribu anayeshukiwa

Wekundu mzima hauko kwenye Z. Uko kwenye kromosomu ya kawaida, unajificha, na hapa jike naye anaweza kuwa na siri. Tena ukijitokeza hufunika rangi yoyote iliyo chini yake. Kwa sababu hiyo njiwa wawili weusi safi wanaweza kuleta kinda mwekundu, na mtaa mzima ukaanza kumsema jike wa watu. Hajakosa. Wazazi wote wawili wamebeba, na kwa jozi kama hiyo kinda mmoja kati ya wanne hutarajiwa kuwa mwekundu.

Kumjaribu dume mweusi, muoanishe na jike mwekundu mzima. Akitoka kinda mmoja tu mwekundu, jibu ni ndiyo. Wakitoka sita mfululizo bila mwekundu, nafasi ya dume aliyebeba kufanya hivyo ni 1 kati ya 64, na unaweza kumwandika kuwa hajabeba.

Jozi nisizozikubali

Lozi kwa lozi. Rangi ya lozi, ile ya njano-kahawia iliyonyunyiziwa vipande vyeusi, iko kwenye Z na inatawala. Ni nzuri mno na huzidi kukolea kila manyoya yanapobadilika. Lakini dume anayeipokea kutoka kwa baba na mama pia hutoka mweupe-mweupe, macho yake yameharibika, na wengi hawafiki mbali. Lozi muoanishe na asiye lozi. Jike lozi kwa dume wa kawaida huleta madume lozi wote na majike bila lozi, kwa hivyo huhitaji hatari ile kupata unachokitaka.

Jozi yenye ugonjwa pia, hata iwe na rangi gani. Utando mzito wa manjano kooni, shingo inayopinda, kinyesi cha maji kwa siku kadhaa: tenga ndege na umwite daktari wa mifugo kabla ya kukimbilia dawa ya dukani. Chanjo ya kideri muulize yeye. Nawe mwenyewe ukifagia kinyesi kikavu vaa barakoa, kwani vumbi la njiwa huharibu mapafu ya mfugaji polepole.

Unapouza

Mpe mnunuzi kipande cha karatasi chenye namba ya pete, rangi ya baba, rangi ya mama, na kile ambacho ndege amebeba kwa hakika. Ya "huenda" mwambie kwa mdomo na usiyalipishe. Na akija mtu kutaka yule dume mwekundu mwenye vitone vya wino kwa kisingizio kwamba manyoya yake yana uchafu, mwambie anaoga kila Ijumaa na bei ni ile ile.